Kuhara kunakorudi baada ya dozi kuisha: jinsi ya kujua hatari yako na kuipunguza mapema

Mwongozo huu ni wa mtu aliyeugua utumbo kwa sababu ya bakteria aitwaye Clostridioides difficile, akapewa dawa, akapata nafuu, na sasa anaogopa ugonjwa usirudi, au umesharudi. Ni wa anayemuuguza pia, maana mara nyingi ndiye anayesimamia vidonge, anayefua mashuka, na anayekumbuka ni lini hasa choo kilianza kulegea tena.

Ugonjwa huu hurudi sana. Katika kila watu 100 wanaomaliza matibabu ya mara ya kwanza, takriban 20 hadi 25 huugua tena, wengi wao ndani ya wiki 8. Aliyerudiwa mara moja, uwezekano wa kurudiwa tena hupanda hadi karibu 40 kwa 100, na akirudiwa mara ya pili unaweza kufika 60. Ndiyo maana nasisitiza kazi iliyoelezwa hapa ifanyike wakati mgonjwa bado yuko kwenye dozi, asisubiri mpaka tumbo lianze kukata upya. Wengi huambiwa "maliza dawa", wanaruhusiwa kwenda nyumbani, na hakuna anayekaa nao kuhesabu vihatarishi vyao. Navyo vinajulikana. Vinaenea kwenye ukurasa mmoja wa daftari, na baadhi yake vinaondoleka.

Jambo moja nalisema mapema kwa sababu linawaumiza watu bure: ugonjwa huu kurudi si ushahidi kwamba mgonjwa alimeza dawa ovyo au kwamba nyumbani kwake ni kuchafu. Wapo waliofuata kila neno la daktari na bado ukarudi. Usimlaumu mgonjwa, na mgonjwa asijilaumu.

Hatua ya 1: Jua ni bakteria gani, na kipimo kilisema nini

"Maambukizi ya tumbo" ni jina pana mno. Salmonela, shigela na kampilobakta nao huharisha, lakini kwa kawaida mtu hupona, kisha siku nyingine hula au hunywa tena kitu chenye vimelea. Homa ya matumbo nayo ina tabia yake: watu wachache hubaki na bakteria kwenye mfuko wa nyongo muda mrefu baada ya kupona, hasa wenye mawe ya nyongo, na huweza kuwaambukiza wengine huku wenyewe wakijiona wazima. C. difficile ni habari nyingine. Hahitaji chakula kibovu ili arudi, kwa sababu mara nyingi hakuondoka.

Kwa hiyo omba majibu ya maabara uyaone, uulize kipimo gani kilifanyika. Kuna kipimo kinachotafuta sumu yenyewe kwenye choo, na kuna kinachotafuta vinasaba vya bakteria mwenye uwezo wa kutengeneza sumu hiyo. Tofauti yake ina uzito. Mtu anaweza kumbeba bakteria huyu bila kuugua hata kidogo. Mwaka 1935 alipoelezwa kwa mara ya kwanza, alipatikana kwenye choo cha watoto wachanga wasio na tatizo lolote, na mpaka leo watoto wa chini ya mwaka mmoja humbeba mara nyingi bila madhara. Kipimo cha vinasaba kikisema "yupo", kinamaanisha yupo tu. Hakisemi kwamba ndiye anayekuharisha leo.

Kipimo kina maana pale mtu anapoharisha kweli: choo cha majimaji mara 3 au zaidi ndani ya saa 24, bila sababu nyingine iliyo wazi. Kama siku mbili zilizotangulia mgonjwa alipewa dawa ya kulainisha choo, mwambie daktari kabla sampuli haijachukuliwa. Choo kilichoshikamana hakipimwi.

Hatua ya 2: Elewa kwa nini hurudi, maana hatua nyingine zote zinategemea hapa

C. difficile hawezi kukua penye hewa ya oksijeni. Mazingira yakimbana, hujifungia ndani ya ganda gumu na kuwa kitu kinachoitwa spora. Spora hali, hazaliani wala hatoi sumu, na antibiotiki haimwezi, kwa kuwa antibiotiki huua bakteria aliye kazini. Sasa fuatilia kinachotokea ndani ya dozi ya siku 10. Bakteria waliokuwa wakikua wanakufa, sumu inapungua, ukuta wa utumbo unaanza kupona, kuhara kunakoma. Mgonjwa anashukuru, na ana haki. Lakini spora bado zipo kwenye utumbo mpana, zimelala.

Zitaamka au hazitaamka? Hilo linaamuliwa kwa kiasi kikubwa na bakteria wengine, wale mabilioni wasio na madhara wanaoishi kwenye utumbo wa kila mtu. Ini hutengeneza asidi za nyongo ili kusaga mafuta. Asidi hizo zikiwa katika hali yake ya mwanzo huziamsha spora. Bakteria fulani wa kawaida huzigeuza kuwa asidi za aina nyingine, na hizo zilizogeuzwa humzuia C. difficile asikue. Bakteria hao wageuzaji wakifyekwa na antibiotiki, utumbo unabaki na asidi zinazoamsha bila zile zinazozuia. Chakula cha kugombania kipo tele, na wa kukigombania hawapo.

Na hapa ndipo penye fundo la ugonjwa huu: vankomaisini, dawa inayotibu, nayo hupunguza bakteria wema. Mtu anatoka kwenye matibabu akiwa amepona sumu lakini amebaki na pengo. Pengo hilo huzibika lenyewe kadiri wiki zinavyokwenda. Ugonjwa unaporudi, kwa kawaida umeliwahi pengo kabla halijazibika, na ndiyo sababu wiki nne za mwanzo baada ya dozi zinatakiwa kuangaliwa kwa makini kuliko zote.

Kuna jambo la pili, nalo ni kinga. Mwili ukitengeneza kingamwili za kutosha dhidi ya sumu za bakteria huyu, zile ziitwazo A na B, mtu huwa na nafasi kubwa ya kutorudiwa. Wazee na watu wenye kinga dhaifu huzitengeneza kwa shida. Halafu kuna wale ambao kwao si ule ugonjwa wa kwanza uliorudi, bali wamepata spora mpya kutoka wodini, kwenye nyumba ya kulelea wazee, au chooni kwao wenyewe. Kwa macho huwezi kutofautisha hali hizi mbili, na matibabu yake hayatofautiani. Ila kwa kuwa zote zinawezekana, unalinda pande zote mbili: unalinda bakteria wema walio ndani, na unasafisha spora zilizo nje.

Hatua ya 3: Andika kila dawa ya miezi mitatu iliyopita

Hii ndiyo hatua ninayoithamini kuliko zote, kwa sababu hapa ndipo palipo na kihatarishi kikubwa kinachoweza kubadilishwa. Chukua karatasi. Andika jina la dawa, ilitolewa kwa ajili ya nini, ilianza lini, iliisha lini. Toa maboksi na pakiti zote ulizonazo, ukazisome moja moja. Usitegemee kumbukumbu. Watu husahau dozi ya jino, sindano moja ya kabla ya upasuaji, vidonge vya mkojo walivyonunua wenyewe.

Anza na antibiotiki. Karibu kila antibiotiki inaweza kumfungulia njia C. difficile, lakini hazilingani. Zinazojulikana kwa hatari kubwa zaidi ni klindamaisini, kundi la siprofloksasini na levofloksasini, sefalosporini kama seftriaksoni na sefotaksimu, na karbapenemu zinazotolewa hospitalini kwa maambukizi mazito. Amoksilini yenye klavulanati nayo imo kwenye orodha ya kuangaliwa. Doksisaiklini na ndugu zake wa kundi la tetrasaiklini hubeba hatari ndogo. Hatari huwa juu kabisa wakati dawa inatumika na mwezi mmoja baada ya kuisha, kisha hushuka polepole hadi kama miezi mitatu. Antibiotiki nyingi kwa pamoja, au dozi ndefu, huongeza hatari.

Sasa tazama kwenye karatasi yako: je, kuna antibiotiki iliyotumika kwa ugonjwa mwingine wakati C. difficile akitibiwa, au muda mfupi baada ya hapo? Kama ipo, izungushie duara kubwa. Mfano wake ni huu. Mgonjwa anatibiwa utumbo kwa vankomaisini, na wakati huohuo anaendelea na siprofloksasini ya mkojo aliyopewa na daktari mwingine. Dawa moja inazima moto, nyingine inaupepea. Ule mkojo unaweza kuwa ulitibiwa kwa sababu kipimo kilionyesha bakteria tu, ilhali mgonjwa hakuwa na maumivu, homa wala kukojoa mara kwa mara. Na kwa mtu mzee bakteria kwenye mkojo bila dalili, kwa kawaida, hahitaji dawa. Swali la kumpelekea daktari ni fupi: "Hii antibiotiki bado inahitajika? Kama inahitajika, inaweza kubadilishwa au kufupishwa?" Jibu linaweza kuwa hapana, haiwezi kuachwa. Usiikatize mwenyewe. Lakini liulizwe.

Baada ya antibiotiki, tafuta dawa za kupunguza asidi tumboni: omeprazoli, esomeprazoli, pantoprazoli, lansoprazoli. Tafiti nyingi zimezihusisha na kuugua C. difficile na kurudiwa naye. Kama zenyewe ndizo zinazosababisha, au watumiaji wake ni watu ambao tayari wana maradhi mengi, wataalamu bado wanabishana, na ushauri uliopo ni wa busara: zisiondolewe kwa ajili ya hofu ya C. difficile peke yake, ila zisiendelee kumezwa bila sababu. Na watu wangapi wanazimeza bila sababu! Mtu alipewa wodini kulinda tumbo kwa siku chache, akatoka nazo, mwaka unapita anaendelea kuzinunua. Muulize daktari au mfamasia kwa nini uko kwenye dawa hiyo. Kama ni kwa sababu ya kidonda kilichowahi kutoka damu, au unatumia aspirini pamoja na dawa za kuzuia damu kuganda, utaambiwa uendelee, na ni sawa. Kama hakuna anayeijua sababu, mwombe akupangie namna ya kuipunguza taratibu, maana ukiiacha ghafla kiungulia huweza kurudi kwa nguvu siku chache.

Mwisho wa karatasi andika dawa za kushusha kinga: za saratani, za waliopandikizwa kiungo, steroidi za muda mrefu kama prednisoloni. Hizo haziguswi bila daktari aliyeziandika, lakini kila anayekutibu utumbo lazima ajue zipo.

Hatua ya 4: Hesabu vihatarishi usivyoweza kuvibadilisha

Hapa hakuna la kufanya zaidi ya kuhesabu kwa ukweli. Weka alama kwa kila kinachokuhusu:

- Una miaka 65 au zaidi.
- Umeshaugua ugonjwa huuhuu, hasa ndani ya miezi 6 iliyopita. Hiki kina uzito wa pekee.
- Mara ya mwisho ulikuwa mkali: chembe nyeupe za damu zilifika 15,000 au zaidi, au kreatinini, kipimo cha damu cha kazi ya figo, ilipanda kuvuka 1.5 mg/dL, au ulilazwa kwa ajili yake.
- Kinga yako iko chini kwa ugonjwa au kwa dawa.
- Una ugonjwa sugu wa figo.
- Una ugonjwa wa uvimbe sugu wa utumbo, yaani kolitisi ya vidonda au Crohn.
- Umelazwa karibuni, au unaishi kwenye nyumba ya kulelea wazee au wagonjwa.

Kuna pia aina za bakteria zilizo kali kuliko nyingine. Aina ya 027 ndiyo iliyojulikana zaidi, hasa baada ya milipuko ya miaka ya 2000 huko Quebec nchini Kanada. Maabara nyingi hazipimi aina, kwa hiyo usihangaike kuitafuta. Ikiwa imeandikwa kwenye majibu yako, inukuu.

Hakuna namba moja ya kusema "ukifika hapa utarudiwa". Alama moja si hukumu. Lakini mtu mwenye miaka 70 na zaidi, figo dhaifu, ambaye ameshaugua mara moja na anaendelea na antibiotiki nyingine, hafai kupewa mpango uleule anaopewa kijana aliyeugua mara moja baada ya dozi ya jino. Ukimpa daktari orodha hii iliyoandikwa, anaweza kuiona tofauti hiyo kwa dakika moja.

Hatua ya 5: Zungumza kuhusu dawa yenyewe

Mpelekee daktari karatasi mbili: ya dawa na ya vihatarishi. Halafu ulizeni pamoja kama matibabu uliyopangiwa yamezingatia hatari ya kurudiwa.

Kwa mara ya kwanza, dawa mbili zinazotumika zaidi ni fidaksomisini, miligramu 200 mara mbili kwa siku, na vankomaisini ya kumeza, miligramu 125 mara nne kwa siku, kila moja kwa siku 10. Zote mbili hukomesha kuhara vizuri. Zinapotofautiana ni baadaye: fidaksomisini huwadhuru bakteria wema kwa kiasi kidogo kuliko vankomaisini, na katika utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2011, waliorudiwa walikuwa karibu 15 kwa 100 kwa fidaksomisini na 25 kwa 100 kwa vankomaisini. Ndiyo maana miongozo ya Marekani ya mwaka 2021 inaiweka mbele. Tatizo lake ni gharama na upatikanaji, na hilo halimalizwi kwa ushauri wa kwenye karatasi. Kama haipatikani, vankomaisini ni dawa nzuri.

Neno "ya kumeza" lina maana kubwa. Vankomaisini ikipitishwa kwenye mshipa haifiki ndani ya utumbo mpana kwa kiasi cha kutibu. Palipo na chupa za sindano tu, wafamasia huweza kuandaa dawa hiyohiyo inywewe kwa mdomo. Hilo hufanyika, na ni sahihi.

Metronidazoli ilitumika miaka mingi na bado hutumika kwa ugonjwa usio mkali pale zile mbili zisipopatikana. Kwa ugonjwa unaorudi haifai kutegemewa, na kuirudia rudia au kuitumia muda mrefu huweza kudhuru neva: ganzi, kuchomachoma kwenye miguu na mikono. Ukiona mgonjwa yuko kwenye dozi ya tatu ya metronidazoli kwa kuhara kulekule, tafuta ushauri wa daktari mwingine.

Ugonjwa ukirudi, kuna njia ya kupunguza vankomaisini hatua kwa hatua: unaanza na dozi ya kawaida, kisha mara mbili kwa siku, kisha mara moja, kisha siku moja moja kwa kuruka, kwa wiki kadhaa. Spora zinapoamka katika siku za kuruka, dawa inazikuta zimeshaacha ganda. Kalenda yake ni ndefu na rahisi kuchanganya, kwa hiyo iandike kwenye karatasi ya ukutani, tarehe kwa tarehe, ukikata kila siku inayopita. Iliwahi kuwapo pia kingamwili ya kudungwa dhidi ya sumu B, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016, lakini mtengenezaji aliacha kuiuza mwanzoni mwa 2025. Ukiikuta kwenye maelezo ya zamani usiitafute.

Kwa aliyerudiwa mara kadhaa, kuna tiba ya kupandikiza bakteria wa choo cha mtu mwenye afya. Watu hukunja uso wakisikia, nami nawaomba wasikilize, maana hii ndiyo tiba inayoziba lile pengo moja kwa moja. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti wa Uholanzi uliosimamishwa mapema kwa jinsi matokeo yalivyokuwa mazuri: kati ya wagonjwa 16 waliopandikizwa, 13 walipona kwa mara ya kwanza tu, ilhali kati ya 13 waliopewa vankomaisini peke yake walipona 4. Marekani imeidhinisha bidhaa mbili za namna hii, moja ya kuingizwa kwa njia ya haja kubwa mwishoni mwa 2022 na nyingine ya vidonge mwaka 2023. Lakini tafadhali, usijaribu nyumbani. Mtoaji hupimwa magonjwa mengi kabla choo chake hakijatumika. Mwaka 2019 mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kifo cha mgonjwa aliyepata kwa njia hii bakteria sugu ambao mtoaji hakuwa amepimwa.

Vidonge vya bakteria wema vinavyouzwa madukani havijathibitishwa kuzuia ugonjwa huu usirudi. Kwa mtu mwenye kinga dhaifu sana au mwenye mpira wa dawa kwenye mshipa mkubwa, vinaweza hata kuingiza vimelea kwenye damu. Muulize daktari kwanza.

Hatua ya 6: Safisha spora, kwa sabuni na klorini

Kitakasa mikono cha pombe hakiui spora. Watu hushangaa, kwa kuwa tumezoea kukiamini. Mikono inaoshwa kwa sabuni na maji yanayotiririka, na kazi kubwa inafanywa na kusugua: viganja, katikati ya vidole, vidole gumba, chini ya kucha, kisha suuza mpaka povu lote litoke. Kila baada ya choo, kila kabla ya kula, na kila baada ya kumsaidia mgonjwa, hata kama ulivaa glavu.

Spora hukaa kwenye sehemu kavu kwa miezi. Panapohitaji nguvu ni pale mkono unapopita: kitasa cha mlango wa choo, kitufe au mpini wa kumwagia maji, bomba, kiti cha choo, swichi ya taa, simu. Ondoa uchafu kwanza kwa sabuni, kisha paka maji ya klorini: sehemu 1 ya klorini ya kufulia yenye nguvu ya asilimia 5 kwa sehemu 9 za maji. Acha palowe dakika 10 kabla ya kufuta. Changanya mapya kila siku, fungua dirisha, na usiichanganye kamwe na siki, asidi ya kusafishia choo wala dawa yenye amonia, kwa kuwa hutoa hewa ya sumu. Simu na vitu vinavyoharibiwa na klorini vifutwe kwa kitambaa chenye sabuni, mara nyingi.

Mgonjwa akiwa bado anaharisha, apewe choo chake ikiwezekana, na aendelee nacho angalau siku mbili baada ya kuhara kukoma. Isipowezekana, choo kisafishwe kila atokapo. Mashuka yaliyochafuka yafuliwe peke yake kwa maji ya moto kadiri kitambaa kinavyostahimili, bila kuyakung'uta. Wazima nyumbani wana hatari ndogo. Hakuna sababu ya kumtenga mgonjwa na mazungumzo, na kumshika mkono si kosa. Nawa tu baadaye.

Hatua ya 7: Fuatilia wiki 8 kwa daftari

Siku dozi inapoisha, andika tarehe hiyo juu ya ukurasa mpya. Kila jioni mstari mmoja: mara ngapi, kikoje, homa, maumivu, dawa yoyote mpya. Mistari yenyewe inakuwa hivi: "Siku ya 12: mara 2, kimeshikamana, hamna homa." "Siku ya 19: mara 4, maji, harufu kali, tumbo linakata chini." Mstari wa siku ya 19 unatosha kupiga simu siku ya 20. Usingoje wiki, na usiongeze vidonge vilivyobaki kabatini.

Si kila kulegea ni kurudi. Baada ya utumbo kuumia hivi, wengi hubaki miezi kadhaa na tumbo jepesi: choo laini asubuhi, gesi, kukatwa baada ya kula. Daftari ndilo linaloonyesha tofauti. Mara moja au mbili za choo laini kwa siku, bila homa na bila kuzidi, ni jambo la kumwambia daktari kwa utulivu. Mara 3 au zaidi za maji kwa siku nzima, tena zikiongezeka, ni jambo la kupimwa. Kama huna dalili, usiombe kipimo cha kuthibitisha kupona, kwa kuwa kinaweza kubaki chanya kwa wiki nyingi na kukuingiza kwenye dozi usiyoihitaji, itakayolipanua lile pengo upya.

Kuhara kukianza, kunywa maji ya ORS mapema. Kama hamna pakiti: lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa. Mwenye ugonjwa wa figo au moyo aulize kiasi. Usitumie loperamidi ya kufunga tumbo kabla daktari hajakuona.

Nenda hospitali bila kungoja ukiona lolote kati ya haya: homa kali, damu kwenye choo, tumbo kuvimba na kuwa gumu, kuzimia au kuchanganyikiwa, mkojo kuwa haba na mweusi, kutapika kila unachokunywa. Na dalili moja inayodanganya: kuhara kunakoma ghafla huku tumbo likizidi kujaa na kuuma. Wauguzaji huipokea kama nafuu. Inaweza kuwa utumbo mpana umepooza na kutanuka, na hiyo ni dharura ya saa.

Hatua ya 8: Jiandae kwa antibiotiki ijayo

Siku moja utaumwa kitu kingine. Kikohozi, jino, kidonda, upasuaji. Anayekutibu siku hiyo anaweza asijue lolote kuhusu utumbo wako. Andika kadi ndogo ya kukaa nyuma ya simu: "Niliugua C. difficile, mara ngapi, tarehe ya mwisho ya dozi, dawa iliyonisaidia." Ionyeshe kabla dawa haijaandikwa, na useme: "Daktari, niliwahi kuugua utumbo wa C. difficile na ulirudi. Je, ugonjwa huu wa leo unahitaji antibiotiki kweli? Kama unahitaji, ipo yenye hatari ndogo zaidi, na siku ngapi ndizo chache zinazotosha?" Mafua na vikohozi vingi husababishwa na virusi, na antibiotiki haivifanyi chochote.

Ikiwa antibiotiki haikwepeki, usiikatae. Nimonia au maambukizi ya damu huua haraka kuliko C. difficile. Kwa baadhi ya wagonjwa waliorudiwa mara nyingi, daktari huweza kuongeza vankomaisini ya kumeza kwa dozi ndogo, miligramu 125 mara moja kwa siku, wakati antibiotiki nyingine inatumika na siku chache baada yake. Si kwa kila mtu, lakini ni haki yako kuuliza. Kisha fungua ukurasa mpya wa daftari, andika tarehe antibiotiki hiyo ilipoisha, na uanze kuhesabu wiki 8 upya.